Reli Iliyoshika Kigae: Kisa cha Ngazi ya Nje Tanga

Nguzo ya tatu ya reli ya ngazi, kutoka chini, ilitoka nzima na bamba lake la kufungia. Bomba halikupinda, mchomeleo haukuachia, wala hakuna bolti iliyokatika. Zote nne zilichomoka pamoja, na kwenye ncha zake kulikuwa na lipu ya saruji iliyosagika kati ya vidole, huku nusu ya kigae ikiwa bado imebanwa chini ya bamba. Zege halikuwamo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni bolti ya aina gani ingefaa, ilibidi tujue hizi zilizotoka zilikuwa zimeshika nini.

Nyumba ni ya ghorofa moja, Tanga, upande wa Raskazone, ambako upepo wa bahari unafika bila kizuizi. Ngazi iko nje. Inapanda ubavuni mwa nyumba kwa vidato 14 hadi barazani juu, upande mmoja ukuta, upande wa pili wazi. Mwenye nyumba ni bibi ambaye magoti yanamsumbua. Anaishi juu na hushuka kila siku kuangalia kuku wake na kupokea wageni. Reli iliwekwa kabla ya harusi ya mjukuu wake, ya chuma cha pua, inang'aa, na kila aliyeiona aliisifu. Haikumaliza mwaka bila kucheza. Fundi aliyeifunga akaitwa, akakaza nati, akamimina uji wa saruji kwenye nyufa. Ikatulia kidogo, kisha ikaanza tena. Siku ilipong'oka, kijana aliyekuwa akishusha jokofu aliiegemea kwa bega akaenda nayo chini, kimo cha zaidi ya mita moja, akaangukia kwenye tuta la maua. Aliumia kiwiko. Hatua mbili mbele ya tuta hilo kuna sakafu ya zege.

Nilipofika, bibi alinikaribisha akiwa ameketi kidato cha juu kabisa, kwa kuwa tangu siku ile hakuwa akishuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa reli? Mimi sitaki ya kupendeza. Nataka ya kushika."

Kijana wake, anayegharimia kazi, alitaka kitu kimoja tu: turudishe nguzo pale pale kwa bolti kubwa zaidi, au nyingi zaidi. Ni wazo ambalo wenye nyumba wengi hulileta, na mafundi wengi hulikubali kwa sababu linamaliza kazi jioni ile ile. Hapa halikufaa, na sababu zake ndizo zilizonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu.

Kilichokuwa chini ya vigae

Nilianza kwa kutoboa matundu madogo ya milimita 6 kwenye mishono ya vigae, moja kwenye kila kidato nilichokusudia kukipima, huku nimefunga utepe kwenye biti ili nijue nimefika wapi. Unga unaotoka ndio wa kuangaliwa. Milimita 10 za kwanza zilikuwa za kigae, unga laini wenye rangi ya udongo wa kuchoma. Kisha biti ikazama haraka, bila ubishi, na unga ukawa wa kijivu hafifu, mkavu, wenye mchanga mwingi. Hiyo ilikuwa lipu ya kulalia vigae, na iliendelea hadi milimita 50 kutoka juu. Hapo sauti ya drili ikawa nzito, mwendo ukapungua, na unga ukaanza kutoka na chembe za kokoto. Hapo ndipo zege lilipoanzia.

Lipu ya milimita 40 ni nene sana, lakini ukizijua ngazi zetu haikushangazi. Zege lilipomwagwa, vidato havikutoka sawa: kimoja kirefu, kingine kifupi, kingine kimelala upande. Fundi wa vigae akaja baadaye na pima maji yake, akasawazisha kila kitu kwa saruji na mchanga. Kwa macho ngazi ikawa nzuri. Ila sehemu ambayo reli ingekuja kushikwa ikawa saruji dhaifu, iliyolazwa juu ya zege la zamani bila kuchanjwa wala kuloweshwa vizuri. Nilipogonga kwa mpini wa nyundo, vidato vinne vilitoa mlio wa utupu.

Sasa chukua bolti iliyong'oka. Ni bolti ya kutanuka, zile ambazo mafundi wengi huziita Rawlbolt bila kujali nani amezitengeneza, yenye unene wa milimita 10 na urefu wa milimita 80. Ondoa milimita 8 za bamba na 12 za nati na washa. Zimebaki 60 zilizoingia chini. Kati ya hizo, 50 ziko kwenye kigae na lipu. Ndani ya zege zimebaki 10. Bolti ya aina hii hushika kwa ncha yake, pale inapotanuka na kusukuma kuta za tundu, na ncha yenyewe ilikuwa imetanukia mpakani mwa lipu na zege, mahali dhaifu kuliko pote. Kwa mwaka mzima reli ile ilikuwa imeshikwa na vigae.

Kina cha bolti huhesabiwa kuanzia uso wa zege. Kigae na lipu ni njia ya kupita tu, havibebi kitu. Ikiwa bolti inahitaji milimita 80 ndani ya zege na juu yake kuna milimita 50 za mapambo, nunua bolti inayotosha vyote viwili pamoja na unene wa bamba. Hata hivyo inabaki tatizo jingine: bamba linakaa juu ya kitu kinachobonyea, na kila reli inaposukumwa, lipu inasagika kidogo na nati inalegea.

Vidato vitatu vya chini vilikuwa na habari yao. Biti ilipofika milimita 70 ilidumbukia ghafla, na nilipoichomoa ikatoka na udongo na vipande vya tofali. Bibi alikumbuka mara moja: zamani ua ulikuwa juu zaidi, mvua za masika zikawa zinaingiza maji chumba cha chini, basi ua ukashushwa na vidato vitatu vikaongezwa. Vilijengwa kwa tofali pembeni, kifusi katikati, na ganda la zege juu. Kwa macho havina tofauti na vile 11 vya juu, ambavyo ni zege lililomwagwa kwa nondo kutoka ghorofani hadi kwenye msingi wake. Ukifunga nguzo kwenye ganda la milimita 20 chini ya lipu, umeifunga kwenye kifusi.

Uzito wa mtu mmoja

Wengi hudhani reli haibebi mzigo mkubwa, kwa kuwa mtu huishika tu. Viwango vya ujenzi havikubaliani na dhana hiyo. Vya Marekani vinataka sehemu yoyote ya reli ihimili nguvu ya pauni 200, yaani karibu kilo 90, kutoka upande wowote. Vya Uingereza hupima kwa urefu wa reli: kilonyutoni 0.36 (kama uzito wa kilo 37) kwa kila mita ndani ya nyumba ya familia moja, 0.74 kwenye ofisi na majengo ya makazi ya watu wengi, 1.5 pale watu wanapokusanyika, na 3.0 pale umati unapoweza kusongamana. Kwa bibi nilichagua kilo 90 kwa kila nguzo. Nyumba ni ya familia moja, lakini ni ya Tanga: kuna hitima, kuna harusi, na siku hizo ngazi hujaa watu wanaoegemea reli wakisubiri sahani.

Kilo 90 juu ya reli si kilo 90 kwenye bolti. Reli iko karibu mita 0.95 juu ya bamba, na bolti zinazovutwa ziko kama sentimita 8 tu kutoka kwenye ukingo wa bamba unaokandamiza kidato. Ni sawa na kung'oa msumari kwa kucha za nyundo: mpini mrefu, kisigino kifupi. Zidisha 90 kwa 0.95, gawanya kwa 0.08, unapata zaidi ya kilo 1,060. Bolti mbili za upande wa ndani zilikuwa zinavutwa kwa zaidi ya tani moja kila mtu mzima alipoegemea kwa nguvu, nazo zilikuwa na milimita 10 za zege. Kijana yule wa jokofu hakufanya kosa lolote.

Bolti mbili za upande wa wazi hazikusaidia, kwa sababu zilikuwa zimeshalegea. Zilipigwa milimita 35 tu kutoka kwenye ukingo wa ngazi. Bolti ya kutanuka inapokazwa inasukuma zege pande zote. Katikati ya sakafu pana zege linahimili msukumo huo, lakini ukingoni hakuna kitu nyuma yake. Ufa wa kwanza ulitokea siku ile ile ya kufunga. Ulikuwa mwembamba kama uzi, na uji wa saruji ukauficha. Zege linaposhindwa kushika bolti hutoka kwa umbo la pia, ncha ikiwa chini kwenye mwisho wa bolti na mdomo ukifunguka juu. Mdomo huo huenea karibu mara moja na nusu ya kina, kila upande. Bolti ya kina cha milimita 80 inataka kama milimita 120 kutoka kwenye ukingo ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Ukiisogeza karibu zaidi, umekata sehemu ya pia hiyo na nguvu yake imeondoka nayo.

Kutoka hapo jibu la kijana wa bibi lilikuwa jepesi kueleza, nikamchorea kwa chaki kwenye kidato. Ukiweka bolti sita badala ya nne kwenye bamba lile lile la sentimita 10, pia zao zinaingiliana. Zote zinavuta kipande kile kile cha zege. Chuma kimeongezeka, zege halijaongezeka. Tena umetoboa matundu mawili zaidi kwenye ukingo ambao tayari umepasuka. Aliangalia mchoro, akanyamaza, akauliza: "Sasa zege zuri liko wapi?"

Lilikuwa ubavuni.

Chumvi

Kabla ya kufika huko, kutu. Bamba na nguzo vilikuwa vya chuma cha pua, lakini bolti zilikuwa za chuma cha kawaida chenye zinki ya kupakwa kwa umeme. Zinki ya namna hiyo huwa na unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 5 hadi 12 tu. Ile ya kuchovya kwenye zinki ya moto hufika maikroni 45 hadi 85 kwa mabamba na mabomba. Karibu na bahari tofauti hiyo ni miaka mingi. Isitoshe, chuma cha pua na chuma cha kawaida vikigusana na kulowa maji ya chumvi, kile cha kawaida ndicho kinacholiwa, na kadiri kilivyo kidogo kando ya kile kikubwa ndivyo kinavyoliwa haraka. Kufunga bamba kubwa la chuma cha pua kwa bolti ndogo za kawaida ni kupanga mambo kwa namna mbaya kuliko zote. Chini ya washa, ambako jicho halifiki, bolti moja ilikuwa imepungua unene waziwazi.

Kutu pia ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichozalisha kutu hiyo, mara mbili hadi sita. Ndani ya zege haina pa kwenda, hivyo inapasua. Ukiona kwenye mji wowote wa pwani nguzo ya reli iliyozikwa kwenye kidato na ufa umeanzia kwenye nguzo kuelekea pembeni, ujue kazi hiyo inaendelea chini kwa chini.

Namba zinafaa kujulikana dukani. Chuma cha pua cha 304 kina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Cha 316 kimeongezewa asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, na hiyo ndiyo inayokisaidia kustahimili chumvi. Sumaku haitakuonyesha tofauti yao, hata muuzaji akuapie. Kwenye kichwa cha bolti tafuta mhuri: A2 ni kundi la 304, A4 ni kundi la 316. Reli ya bibi ilikuwa ya 304, na madoa ya kahawia yalikuwa yameanza kwenye michomeleo. Madoa hayo ni ya juu juu, husafishika, na bomba lenyewe lilikuwa zima. Niliona hakuna haja ya kumtupia bibi reli yake. Tukaamua kuibakiza, tukabadilisha mabamba na bolti tu, hizo zote kwa 316.

Njia nne zilizokuwa mezani

Ya kwanza ilikuwa kutoboa mashimo makubwa kwenye vidato, kusimamisha nguzo ndani na kuyajaza grauti isiyosinyaa, yaani uji maalumu wa saruji. Ni njia ya zamani na yenye heshima. Huko Ulaya reli za chuma zilizikwa hivyo kwenye ngazi za mawe, na shimo likajazwa risasi iliyoyeyushwa. Lakini inataka ukingo mpana. Shimo la sentimita 10 kwenye upande wa kidato lingeacha ukuta mwembamba wa zege upande wa wazi, na maji yangetuama kwenye shina la kila nguzo. Kwa hewa ya chumvi ya Raskazone sikuitaka. (Popote utakapotumia njia hii, usijaze jasi. Hunyonya maji, huvimba, na hula chuma.)

Ya pili ilikuwa bolti za kupita kidato chote hadi chini, na bamba la pili upande wa chini wa ngazi. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa kuwa haitegemei mshiko wa ndani ya zege, na kama gundi ya zege, ile ya kushikia bolti ndani ya tundu, isingepatikana mjini ningeichagua. Ubaya wake ni kwamba bamba la juu lingebaki juu ya lipu, na nondo kuu za ngazi ziko karibu na uso wa chini, hapo hapo ambapo matundu yangetokea.

Ya tatu ilikuwa kuvunja vigae na lipu yote, kufika kwenye zege, kisha kufunga kutoka juu kwa gundi. Ni sahihi kiufundi, lakini ni ngazi nzima ya vigae, na ukingo ungebaki karibu mno.

Ya nne ni kushika ubavu wa ngazi. Ukitazama ngazi ya zege kutoka pembeni, utaona bamba la mteremko lenye unene wa milimita 150 hivi, na juu yake pembetatu za vidato. Chini ya pua ya kidato, yaani ukingo wake wa mbele, zege ni nene. Kwenye kona ya ndani, kidato kinapokutana na kimo cha kinachofuata, ni jembamba. Kwa hiyo nguzo isikae kwenye kona. Ikikaa karibu na theluthi ya kwanza kutoka kwenye pua, kwenye ngazi hii unapata zaidi ya milimita 270 za zege kutoka juu hadi chini, kwa bolti mbili, moja juu ya nyingine, zikiwa zimeachana milimita 130. Bolti ya juu inakaa milimita 90 chini ya uso wa zege. Lipu haimo kwenye hesabu, kigae hakimo. Na kwa kuwa bolti ya juu iko mbali na ukingo wa chini wa bamba, karibu sentimita 15, mvuto wake unashuka kutoka zaidi ya tani moja hadi kilo 700 hivi, kwa mtu yule yule wa kilo 90.

Bibi akapata na kitu ambacho hakukiomba: nguzo zikitoka nje ya kidato, upana wote wa ngazi unabaki wa kukanyaga.

Kazi yenyewe

Kwa ubavuni nilichagua studi za milimita 12, yaani fito zenye nyuzi mwili mzima, zilizoshikwa kwa gundi ya zege badala ya kutanuka. Gundi haisukumi kuta za tundu, hivyo inavumilia ukingo wa karibu kuliko bolti ya kutanuka. Tundu lilikuwa la milimita 14, kina milimita 110.

Gundi ina masharti, na sharti la kwanza ni usafi wa tundu. Unga uliobaki ndani unakuwa tabaka kati ya gundi na zege, kisha studi inashika unga. Tulipuliza kutoka mwisho wa tundu kuja nje, tukasugua kwa brashi ya waya iliyozidi upana wa tundu kidogo, tukapuliza, tukasugua tena, tukapuliza tena, hadi hewa ikatoka bila vumbi. Kupuliza kwa mdomo hakutoshi, na kunaweka unyevu. Pampu ya mkono inatosha kwa tundu la kimo hicho. Gundi ya mwanzo inayotoka kwenye mrija hutupwa hadi rangi iwe moja, kwa maana kabla ya hapo sehemu zake mbili hazijachanganyika. Mrija unaanzia mwisho wa tundu na kurudi nyuma taratibu, ili hewa isinaswe. Ukijaza theluthi mbili, studi ikiingia kwa kuzungushwa gundi inasogea hadi mdomoni. Ikitokeza kidogo pande zote, tundu limejaa. Tulifanya asubuhi mapema. Kwenye joto la Tanga la mchana gundi ya haraka huanza kuganda ndani ya dakika chache, na fundi anayekimbizana nayo huacha mapengo.

Kuna tukio ambalo kila anayetumia gundi hii angepaswa kulijua. Tarehe 10 Julai 2006, katika handaki la barabara mjini Boston, mabamba mazito ya dari ya zege yalianguka juu ya gari na kumuua mtu. Yalikuwa yamening'inizwa kwa bolti za gundi. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa gundi iliyotumika, ya aina ya kuganda haraka, huachia polepole ikivutwa mfululizo. Reli ni tofauti: mzigo unakuja na kuondoka, bolti hazining'inizi kitu usiku na mchana. Kwa reli gundi inafaa. Kwa kuning'iniza tangi au dari, usiichukue kwa sababu tu ilishika reli vizuri.

Nondo tulikutana nayo mara moja. Biti ilisimama, sauti ikawa ya mlio, na unga ukaja na nyuzi za chuma zinazong'aa. Hapo huendelei. Nondo ya ngazi iko kazini, na kuikata ili reli ikae sawa ni kubadilishana hatari ndogo kwa kubwa. Tulihamisha bamba, tukalijaza gundi tundu lililoachwa. Kwa kawaida ubavuni hukutani nayo sana, kwa sababu nondo kuu zinateremka sambamba na ngazi karibu na uso wa chini, na zile za kukingama zinalala hapo hapo juu yake.

Uchomeleaji wote ulifanyika karakanani. Hili nililisisitiza kwa fundi wa kuchomelea hadi akachoka kunisikia, maana desturi yetu ni kufunga bamba kwanza, kisha kuchomelea nguzo papo hapo ili inyooke kwa timazi. Joto la kuchomelea linasafiri kwenye bamba, linaingia kwenye studi, linalainisha gundi. Hutaona chochote kwa nje. Kwa hiyo tulitengeneza kiolezo cha plaiwudi kwa kila bamba, tukatoboa zege kwa kiolezo, tukachomelea kwa kiolezo, na marekebisho madogo ya unyoofu yakafanywa kwa washa nyembamba za 316 nyuma ya bamba.

Vile vidato vitatu vya kifusi havikuguswa kabisa. Nguzo ya chini ilipata msingi wake kando ya ngazi: shimo la sentimita 45 kwa 45, kina 60, zege jipya, na studi zenye ndoano chini zikazikwa kwa kiolezo kabla zege halijashika. Uso wa msingi huo uliinuliwa sentimita 5 juu ya ua na kupewa mteremko, ili maji ya mvua yasilale chini ya bamba.

Reli ya kushika iko milimita 900 juu ya mstari wa pua za vidato, na nafasi kati ya fito za chini haizidi milimita 100, kwa ajili ya wajukuu. Bomba la zamani la juu lilikuwa nene kwa mkono wa bibi. Vidole vyake havikuweza kulizunguka. Mbali na mabamba na bolti, hicho ndicho kipande pekee cha reli ya zamani tulichokibadilisha, tukaweka bomba la milimita 42, na tukaliendeleza hadi likapita kidato cha mwisho chini, kwa kuwa hatua ya mwisho ndiyo ambayo goti huikosea.

Kupima

Kazi ya reli haijaisha mpaka imevutwa. Tulichukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, tukaifunga kwenye reli juu ya kila nguzo, na winchi ndogo ya mkono ikafungwa kwenye mwembe ulio uani. Tulivuta kuelekea nje, polepole, hadi kilo 90, tukaacha ikae huku tukiangalia. Kabla ya hapo nilikuwa nimechora mstari wa penseli kutoka kwenye bamba kuingia kwenye zege. Bomba linapinda kidogo, ni haki yake. Linapoachiwa lazima lirudi lilipokuwa, na mistari ya penseli lazima ibaki imekutana. Nguzo zote zilirudi. Ile ya msingi mpya ilipimwa mwisho, baada ya zege lake kukomaa.

Kijana wa bibi alisimama kando ya mizani akiisoma kwa sauti, na ilipofika 90 alitaka tuvute zaidi. Nilikataa. Kipimo ni cha kuthibitisha reli inahimili mzigo uliokusudiwa, na kuivuta hadi kitu kiachie ni kuiharibu siku ya kwanza.

Kazi iliyobaki ni ya ukingo uliopasuka. Tumekata lipu iliyolegea kwa grenda, tumetoa zege bovu kwa tindo hadi kwenye zege linalolia vizuri, na matundu ya zamani yamejazwa, lakini vigae vya vidato vile vinne vyenye mlio wa utupu vinangoja kubadilishwa kabla ya masika. Maji yakiingia hapo hayatagusa tena bolti za reli, ila yatafika kwenye nondo za ngazi, nazo si za 316. Baada ya hapo ni maji baridi na kitambaa kwenye mabamba mara kwa mara, hasa baada ya kusi kuvuma sana, na spana kwenye nati mara moja kwa mwaka. Bibi amesema spana itakaa kwake.